Mazabodi ya Mia

Shika Adabu, Likoni
Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Mwanangu Johari,

Assalaam aleikum. Mimi babako sijambo, shangazi yako Mishi hajambo ila goti, na nyumba iko pale pale ulipoiacha. Barua yako ya mwezi uliopita niliipata, nami nafurahi kwamba mtihani wa mwisho ni Novemba na kwamba wala vizuri, ingawa hukusema wala nini.

Sasa nina jambo la fani yako. Ile ofisi ya forodha ambayo huniita mara moja moja kuwahesabia shehena imenipa kompyuta. Usishangilie. Ilipigwa na radi. Nimempelekea Ngumbao, yule fundi wa Mtongwe mwenye darasa la kompyuta. Akaifungua, akanusa, akasema kilichokufa ni mazabodi tu, yaani ule ubao mpana wa ndani ambao kila kitu huchomekwa juu yake. Diski ni nzima, kioo ni kizima, prosesa ni nzima, na kipande cha memori ni kizima. Nikipata mazabodi mpya, mashine inasimama.

Basi nikavuka hadi mjini. Dukani kijana akaniuliza, "Mzee, wataka ya sitini na sita au ya mia?" Mwanangu, mimi nimekaa bandarini miaka thelathini na mmoja nikihesabu mali za watu, na sijapata kutia sahihi kitu nisichokijua. Nikamwambia nitarudi. Nikatoka kama mtu aliyeulizwa umri wa mkewe.

Kipande cha memori nimekinakili chote kilivyoandikwa, nambari moja baada ya nyingine, nyuma ya karatasi hii, na prosesa vile vile. Najua mengi ni ya kiwandani, lakini mimi sichagui, naandika yote. Pale mwisho wa memori imeandikwa PC66, na 32MB.

Kazi ninayoitakia ni kuandikia watu barua, na kadi, na vitu vya namna hiyo. Nieleze taratibu, kama unavyomweleza mtu mwenye akili ambaye hajaambiwa.

Babako,
Stambuli


Nairobi
11 Oktoba 1999

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nala maharage, Baba. Jumapili nala maharage na kipande cha nyama, ukitaka kuandika yote.

Nimecheka peke yangu bwenini kwa ile orodha yako. Umenakili mpaka alama ya mkaguzi wa kiwanda! Lakini umenisaidia, kwa sababu jibu limo humo humo.

Memori ndipo kompyuta inapoweka kazi iliyo nayo mkononi. Kila memori ina mwendo wake. Yako ni ya 66, na siku hizi zimetoka za 100. Mazabodi nayo ina mwendo wa juu kabisa inaoukubali. Ukichukua mazabodi ya 66 ukaichomekea memori ya 100, memori itashuka iende 66. Ukichukua mazabodi ya 100 ukaichomekea memori yako ya 66, mashine itawaka vizuri, lakini itakwenda 66. Aliye polepole ndiye anayewaamulia wenzake. Kwa hiyo kabla mtu hajanunua mazabodi anauliza: memori yangu ni ya mwendo gani, na je, nitakuja kutia ya mbio zaidi? Prosesa yako nimeiangalia kwenye orodha yako, inakubali mwendo wowote kati ya hiyo miwili.

Wewe memori unayo, ya 66. Nunua mazabodi ya 66, rafu zimejaa na wenye maduka wanataka kuziondoa. Ya mia ni ya watu wa michezo na michoro mikubwa. Kwa kuandika barua, 66 yatosha sana.

Mambo ya kazi bado. Nikipata habari nitakwambia.

Mwanao,
Johari


Shika Adabu
18 Oktoba 1999

Mwanangu Johari,

Nakuandikia babako akiwa msikitini, kwa hivyo ukiona mwandiko umepinda jua ni haraka, si uzee. Barua hii ukishaisoma ichome. Usimwambie nimekuandikia. Wallahi akijua hatakula chakula changu wiki nzima.

Babako hanunui hiyo kompyuta kwa barua za watu. Watu gani? Shika Adabu nzima wanaotaka barua hawafiki kumi. Anakutengenezea wewe ofisi! Chumba cha mbele, kile cha cherehani ya marehemu mamako, amekitoa kila kitu. Amepaka chokaa mwenyewe, na goti langu hili nikamshikia ngazi. Ametia meza mbili. Mbili, Johari! Moja yake, moja ya nani? Na juzi seremala kaleta kibao. Kimefunikwa gunia, nikalifunua pembeni. Kimeandikwa JOHARI, kwa herufi kubwa za bluu. Nikalirudisha gunia nikaenda jikoni nikalia kidogo.

Na sasa amesoma barua yako, akaiweka mezani, akasema, "Ananiambia sitini na sita. Mimi nataka ya mia." Nikamuuliza, "Ya mia ya nini, ndugu yangu?" Akasema, "Mambo yanaenda mbele, Mishi." Na mimi nasikia kompyuta zote zitakufa mwaka elfu mbili ukiingia, na mwaka elfu mbili ni mwezi wa tatu huu! Hilo nalo uliangalie.

Babako hatakwambia rudi. Unamjua. Atakaa kimya na huo ukimya ameutia chokaa. Kama unarudi, alhamdulilahi, mazabodi na iwe ya mia tano. Kama hurudi, mwambie kabla hajainunua. Kile kiinua mgongo chake hakina mkia mrefu.

Shangazi yako,
Mishi

Kuna kijana wa Mzee Mwidani, Ishaka, ana duka la vitu hivyo mjini. Babako anamsifu sana siku hizi.


Nairobi
23 Oktoba 1999

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua nimeichoma kama ulivyosema, na mwenzangu wa bwenini akadhani nimeachwa na mchumba.

Shangazi, nimeshatia sahihi. Ni ofisi moja hapa Nairobi inayotengeneza mitambo ya hospitali, nao wananitaka miaka miwili kuanzia Desemba. Nilitia sahihi Septemba. Nilikuwa naitafuta njia ya kumwambia Baba, na kila nikiketi kuandika namwona amekaa kwenye kile kiti cha mkeka, miwani puani, anasoma. Kisha naandika habari za maharage.

Tafadhali usimwambie. Nitamwambia mwenyewe mtihani ukiisha. Kwa sasa nitamsukuma anunue ya 66 ili asitumie pesa nyingi kwa ajili yangu. Barua yake nimeitia kwenye bahasha nyingine, nimeiposti leo leo.

Mwanao,
Johari

Kompyuta hazitakufa, Shangazi. Zitakosea tarehe tu, na hata hilo si zote.


Nairobi
23 Oktoba 1999

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa ufupi tu, mtihani uko karibu.

Nimefikiria tena habari ya mazabodi. Usihangaike na ya mia. Kweli, Baba. Ni kutupa pesa. Memori yako ni ya 66, kazi yako ni ya barua, na mtu wa kazi zako hatajua tofauti. Ukinunua ya mia leo utakaa na mwendo ambao hakuna mtu wa kuutumia.

Nisikilize mara hii.

Mwanao,
Johari


Shika Adabu
1 Novemba 1999

Mwanangu Johari,

Aleikum salaam. Barua yako imenikuta nimeshanunua. Ya mia.

"Mtu wa kazi zako hatajua tofauti." Sentensi hiyo nimeisoma mara tatu. Sijui ulikuwa na njaa ulipoiandika au vipi. Nimekusamehe kwa sababu ya mtihani.

Nilinunua kwa Ishaka, mtoto wa Mzee Mwidani niliyefanya naye kazi bandarini. Kijana wa watu, ana adabu zake. Nilipoingia aliinuka, akanipa kiti chake, akatuma soda. Akaniuliza hali yako, akaniuliza hali ya goti la Mishi. Akaleta boksi, limeandikwa 100 ubavuni, kubwa, hata asiyesoma angeliona. Nikataka kulifungua nihakikishe, kama ilivyo kawaida yangu tangu ujana. Mkono ukafika kwenye gundi. Kisha nikaona haya. Mtoto wa Mwidani, kanipa kiti, soda yake iko mkononi mwangu, nami nifungue boksi lake mbele ya wateja kama ninayemshuku? Nikasema alhamdulilahi, nikalipa, nikatia sahihi.

Jana Ngumbao ameifunga na mashine imewaka. Tumecheza kwa furaha, mimi na yeye, watu wazima. Kabla hajaifunika niliikalia na kalamu nikanakili kila kilichoandikwa juu yake, nimekuwekea karatasi ya pili, mistari arobaini na mmoja. Katikati pana kidude kikubwa cha mraba ambacho Ngumbao asema ndicho mwenye amri, kimeandikwa 82443LX. Nafasi za memori ni tatu, moja tu imejaa.

Ishaka amesema siku yoyote nikikwama yuko. Vijana kama hawa wamebaki wachache, Johari.

Babako,
Stambuli


Nairobi
8 Novemba 1999

Baba,

Shikamoo. Mstari wa kumi na saba wa orodha yako umeninyima usingizi.

Hicho kidude cha katikati kweli ndicho mwenye amri. Kikiwa kimeandikwa BX mwishoni, mazabodi ni ya mia. Kikiwa kimeandikwa LX, mwisho wake ni 66. Yako ni LX. Boksi ni la mia, kilichomo ni cha sitini na sita. Umeuziwa sivyo.

Nitakwambia kweli, Baba. Nilipouona mstari ule jambo la kwanza lililonijia ni kunyamaza. Si nilitaka ununue ya 66? Basi umeipata, mashine inawaka, nani angejua. Nikaiweka barua chini nikaenda kufua. Nikafua shuka safi. Lakini siwezi. Ulilipia mia, uwe na mia, hata kama mimi naona haina kazi.

Rudi dukani. Mfungulie mbele ya hao hao wateja. Mwambie Ishaka ni mwizi, au kama si mwizi hajui kusoma, achague mwenyewe.

Na jambo jingine. Barua nzima umejaza sifa za Ishaka: kiti, soda, adabu, vijana wachache. Kama kuna posa inayopita chini ya meza, Baba, sema wazi. Mimi sitaolewa na mtu anayechanganya LX na BX.

Mwanao,
Johari


Shika Adabu
17 Novemba 1999

Mwanangu Johari,

Posa! Ishaka ana mke na watoto wawili, na mkewe ni mkali. Nimemsomea Mishi mstari ule na amecheka mpaka goti likapona.

Nisikilize sasa nilivyofanya, maana nimejivunia.

Siku mbili sikulala vizuri. Kwanza nilijionea aibu. Miaka thelathini na mmoja sijatia sahihi boksi lisilofunguliwa, na siku ninunuapo changu mwenyewe nanyamazishwa na soda. Halafu nikafikiria ushauri wako wa kumwita mtoto wa Mwidani mwizi mbele ya watu. Ungenipeleka wapi, Johari? Habari ingevuka kivuko kabla yangu. Mwidani angekuja hapa na wazee wawili, tungeketi, tungesameheana, na mazabodi ningebaki nayo.

Nikaifungua, nikaifunga kwa kitambaa safi, nikachukua na boksi lake, nikanunua kilo ya halwa, nikavuka. Ishaka akainuka tena, kiti tena, soda tena. Nikasema:

"Mwanangu, nimekuja unifunze."

"Shikamoo ami, nikufunze wewe? Nani mimi?"

"Marahaba. Binti yangu wa Nairobi ananiandikia mambo ya herufi sizielewi. Asema katikati ya mazabodi pana kidude, na herufi za mwisho zasema mwendo wake. Mimi macho yamechoka. Nisomee, nami nijue kumjibu."

Akaivuta kwenye taa. Akasoma, "Nane, mbili, nne, nne, tatu, eli..." Akaigeuza. Akalitazama boksi, akaitazama mazabodi, akanitazama mimi. Mimi nikaitazama soda.

"Ami," akasema, "hii imetoka dukani kwangu?"

"Ndiyo, ila mimi sijui, labda binti yangu amekosea."

"Hakukosea, ami. Tulipofungua mzigo maboksi yalilowa, tukayabadilisha. Wallahi sikujua." Uso wote umekuwa wa jasho. Akaenda nyuma, akarudi na maboksi mengine matano, akayafungua yote mwenyewe mbele ya wateja, moja baada ya moja. Mawili yalikuwa sivyo. Akanipa BX, nikaisoma kwa miwani yangu mwenyewe, macho yakiwa mazima ghafla. Tukala halwa. Alipotaka kunirudishia nauli ya kivuko nikamwambia kivuko kwa miguu ni bure, hata kwa wazee waongo.

Basi sasa imo, Johari. Mia kweli kweli. Memori ni ile ile ya 66 na inakwenda 66, lakini njia iko wazi. Ukija Desemba utaiona. Utakuja lini? Mishi asema anataka kujua idadi ya nazi.

Babako,
Stambuli


Nairobi
24 Novemba 1999

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mtihani umekwisha jana. Kalamu hii nimeishika tangu asubuhi.

Siji Desemba, Baba. Sirudi mwaka huu wala ujao. Nimepata kazi hapa, ofisi inayotengeneza mitambo ya hospitali, miaka miwili. Nilitia sahihi Septemba. Kila barua niliyokuandikia tangu wakati huo nilikuwa nimeshatia sahihi.

Najua habari ya chumba cha mbele. Usiniulize nimejuaje. Najua chokaa, najua meza mbili, najua kibao chenye jina langu. Ndiyo maana nilikusukuma ununue ya 66. Sikuwa nakudharau. Nilitaka gharama ya kunisubiri iwe ndogo. Kisha ukaenda mpaka dukani na kilo ya halwa kuipigania mia yangu, na mimi huku nacheka barua yako huku nalia, wenzangu hawajui wanishike au waniache.

Nisamehe, Baba. Si kwamba sitaki nyumbani. Nataka kazi hii pia. Nimekuwa mwoga, na woga wangu umekugharimu chumba kizima.

Mwanao,
Johari


Shika Adabu
3 Desemba 1999

Mwanangu Johari,

Barua yako imefika leo Ijumaa, nimetoka kusali. Nikaisoma, nikaikunja, nikaenda kunywa kahawa na watu. Nikarudi nikaisoma tena. Kwanza nilikasirika. Halafu nilisikitika sana. Nilipofika pale pa kibao nikaanza kucheka, Mishi akaja mbio na mwiko.

Kwanza kibao. Johari ni mamangu. Wewe umepewa jina lake, hukulianzisha wewe. Alipika mahamri alfajiri miaka kumi ili mimi nishike kalamu, na nilipopata kitu changu cha kwanza cha kutundika mlangoni nikaandika jina lake. Shangazi yako hakulitambua, na simlaumu. Mamangu hatukupata kumtaja jina maisha yetu yote, sote tulimwita Bi Mkubwa. Mishi akiona JOHARI hakuna Johari mwingine kichwani mwake ila wewe. Nimemuuliza, "Mamako aliitwa nani?" Akasema, "Bi Mkubwa." Kisha akaketi. (Naam, najua kwamba ni yeye aliyekwambia. Hapa ni nani mwingine angefunua gunia?)

Meza mbili: moja ya mashine, moja ya wateja. Mama wa bibi harusi hachagui kadi akiwa amesimama.

Kadi, Johari! Barua ya kwanza kabisa nilikuandikia: barua, na kadi. Mkasoma barua, mkaiacha kadi. Tangu Juni niko kwenye darasa la Ngumbao pamoja na wasichana wa umri wako, na katika kuchora hakuna anayenishinda. Unajua khati yangu, ule mwandiko wangu wa mapambo. Sasa naiweka kwenye mashine, na maua pembeni, na jina la bwana na bibi katikati. Mwezi huu wa Shaaban nimefanya kadi za harusi nne. Lakini kwa mwendo wa 66, naligeuza ua, nakwenda kunywa chai, narudi, ua bado linafikiri. Ndiyo maana nilitaka mia. Niliitaka mimi. Wewe na Mishi mmeangalia mazabodi moja, mkaona kila mtu humo ndani isipokuwa mwenyewe niliyeinunua. Nina miaka hamsini na tisa. Wewe una ishirini na mitatu. Kati yetu nani ana wakati wa kungoja ua?

Nimemaliza mzaha. Sasa sikiliza.

Nilitaka urudi. Nikikataa nitakuwa mwongo, tena mwezi mtukufu uko mlangoni. Chumba chako nakifagia mwenyewe kila Jumapili, simwachii Mishi. Ile nafasi ya pili ya memori nilipoiona wazi nilikufikiria wewe, hilo pia ni kweli. Sikusema, kwa sababu ningesema ungerudi kwa haya, na haya nimeona juzi ilivyonifanya dukani kwa Ishaka. Sitaki urudi namna hiyo. Ukirudi, urudi umejifungulia boksi mwenyewe na umeona kilichomo.

Kazi uliyotia sahihi ifanye, na uifanye vizuri. Lakini miezi mitatu, Johari! Siku nyingine ukiwa na jambo kama hili, nifungulie siku ile ile. Siri kwangu haina nafasi.

Hukuniharibia chumba chochote. Leo wameingia wateja watatu.

Babako anayekupenda,
Stambuli


Nairobi
18 Desemba 1999

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani karim. Mzigo huu anakuletea Mutua, mwenzangu wa kazini, ambaye kwao ni Changamwe. Usimpe soda mchana wa Ramadhani ukamtazama akinywa.

Ndani ya soksi kuna memori ya 64MB, PC100. Nimeisoma mwenyewe, na aliyeniuzia nimemfungulia mbele ya foleni nzima, bila haya. Ndicho kitu cha kwanza nilichonunua kwa mshahara, tuliolipwa mapema kwa ajili ya Krismasi. Ichomoe kwanza ile ya 66, vinginevyo hii mpya itashuka imfuate mwenzake na ua litaendelea kufikiri.

Sasa nikuchekeshe. Mimi, fundi niliyesomea, nimepewa kazini mashine ambayo mazabodi yake mwisho ni 66. Ina memori kidogo sana. Asubuhi naiwasha, naenda kusaini daftari la kuingia, narudi, haijaamka. Babangu wa Shika Adabu ana mashine inayoipita ya ofisi. Nimewaambia kazini, hawaamini.

Nakuja Idd, siku tatu. Nimeomba ruhusa na nimepewa. Mwambie Shangazi ahesabu nazi.

Nisamehe tena. Safari hii nimekuandikia siku ile ile.

Mwanao,
Johari


Shika Adabu
29 Desemba 1999

Mwanangu Johari,

Aleikum salaam. Mutua alifika salama, tukafuturu naye, na amekula mahamri ya Mishi kumi na moja. Nilihesabu, siwezi kujizuia.

Memori yako nimeichomeka mwenyewe, Ngumbao amesimama pembeni na mikono nyuma kama nilivyomwamuru. Nikawasha. Nikaligeuza ua. Mwanangu, liligeuka kabla sijainua kidole. Nikaligeuza tena, na tena, likizunguka tu, Mishi akasema niache, litalewa. Nilitaka kucheka, macho yakajaa maji, nikasingizia kioo ni kikali. Kadi za harusi za baada ya Idd zimekwisha zote. Mteja wa mwisho ni Ishaka, anamwoza dadake, na kabla ya kulipa amezifungua kadi zote mia mbili akazisoma moja moja mbele yangu. Nimempa kiti na kahawa akaendelea.

Mishi amejaza ndoo tatu za maji na kununua mishumaa, anangojea mwaka elfu mbili uziue kompyuta. Mimi nimemwambia ya kwangu haina wasiwasi, imesomewa na fundi wa Nairobi.

Kwenye mazabodi nafasi zilizo wazi ni mbili. Hizo sizitii kitu. Ukija Idd utaziona, na hutaulizwa swali.

Humu ndani ya bahasha, kwenye ile soksi yako, nimekurudishia kile kipande changu cha zamani. Nimekipangusa na kukifunga vizuri, na Mutua amesema kwenye mashine yako ya ofisini kitaingia sawasawa. Ni cha 66 tu, Johari. Lakini kwa kuandika barua yatosha sana, na mimi kutoka kwako nataka barua.

Babako,
Stambuli